MAONI YETU: BUSTANI ZA NYUMBANI ZISINYIMWE MAJI KIANGAZI HIKI

Ndugu wanachama wa ushirika, na ndugu wanakijiji wote wa Nkome,

Kiangazi kimetukalia. Nyasi za njiani zimeshakuwa rangi ya mbuzi, vumbi la barabara ya Geita limepanda mpaka juu ya mabati, na ukimwaga maji uani saa nne asubuhi, ikifika saa sita huoni hata alama. Hiki ndicho kipindi ambacho kila mwaka maneno yale yale huzuka kwenye foleni ya bomba: eti wenye bustani ndio wanaotumalizia maji. Safari hii maneno hayakubaki kwenye foleni, yameingia na kwenye mazungumzo ya vikao. Wako ndugu zetu wanaotaka kijiji kipitishe neno moja tu: kuanzia sasa mpaka mvua za vuli, hakuna kumwagilia bustani ya nyumbani kwa maji ya bomba, na atakayekamatwa alipe faini.

Sisi tunaoandika ukuta huu hatukubaliani na neno hilo. Tunaeleza hapa sababu zetu, na asiyekubaliana nasi aje aandike zake. Karatasi ipo na kalamu ipo.

Kwanza tuseme ukweli: hasira ya watu wa foleni ni ya haki. Mama aliyefika na dumu lake saa kumi na moja alfajiri, mtoto mgongoni, halafu akaona mwenzake mbele yake ana madumu kumi ya kwenda kumwagia nyanya, huyo mama hawezi kunyamaza. Maji ya kunywa na kupikia ndiyo ya mwanzo. Hilo hatubishani nalo hata kidogo. Tunachobisha ni dawa inayopendekezwa. Mtu akiumwa jino hatumkati kichwa.

Hebu tupige hesabu pamoja, maana wengi tunasema “bustani zinamaliza maji” bila kupima. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya eneo la mita moja kwa mita moja, hiyo ni lita moja ya maji. Jua kali la huku kwetu na upepo unaotoka ziwani mchana huondoa kwenye udongo wenye mboga kama milimita tano kwa siku. Tuta la upana wa mita moja na urefu wa mita tano basi linahitaji kama lita 25 kwa siku, yaani dumu moja na robo. Matuta mawili ya namna hiyo yanatosha kabisa kuipa mboga nyumba ya watu sita au saba, ni madumu mawili na nusu. Na hapo tunasema juu ya tuta lililo uchi, halina kitu juu yake. Ukilifunika kwa nyasi kavu, maji hayo yanapungua sana. Ukiongeza maji uliyokwisha kuyatumia nyumbani kuoshea mboga, kuoshea vyombo na kunawia, wengine hamtahitaji hata kugusa bomba zaidi ya dumu moja kwa siku.

Kwa hiyo anayebeba madumu kumi kila siku kwa ajili ya matuta mawili, huyo hamwagilii, huyo anamwaga. Huyo tumfundishe. Na anayebeba madumu ishirini kwa sababu analima nyanya za kupeleka sokoni Geita mjini, huyo ni mfanyabiashara, atafute maji ya biashara yake. Lakini tusiwaweke hawa wawili kapu moja na bibi mwenye tuta la matembele nyuma ya jiko.

Sababu ya pili ni ya chakula. Sisi ni watu wa ziwa, na wengi tunajidanganya kwamba kitoweo hakiwezi kutupungukia. Lakini dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, na siku za mbalamwezi mitumbwi inalala. Kila mwezi zipo siku ambazo dagaa wabichi hakuna na bei ya wakavu inapanda. Sasa jumlisha na kiangazi: mlenda wa porini umekauka, mgagani unaoota wenyewe kwenye maboma ya ng'ombe umekauka, majani ya maboga shambani yamekwisha. Wazee wetu walilijua hili, ndiyo maana walikausha majani ya kunde wakayaita nsansa, wakayaweka kwa ajili ya miezi hii hii. Siku hizi nyumba ngapi zina nsansa? Tunanunua kabichi iliyosafiri kwenye lori. Nyumba yenye mitumbwi itanunua. Nyumba ya mjane itakula ugali kwa chumvi. Faini hii inayopendekezwa itamwangukia nani? Si mwenye injini ya kuvuta maji ziwani. Itamwangukia yule asiye na wavu wala ng'ombe, mwenye tuta moja.

Wazee wanakumbuka redio ya 1973, ile kampeni ya “Mtu ni Afya”, na ile ya 1975, “Chakula ni Uhai”, watu wanakaa chini ya mwembe kwa makundi, mmoja anasoma kijitabu, redio imewekwa kwenye kiti kama mgeni. Wapo waliosoma herufi zao za kwanza miaka ile. Mboga za majani zilikuwa somo, na somo halijabadilika: majani ya kijani kibichi, mchicha, matembele, kisamvu, mgagani, yanampa mtoto vitamini A ya macho na ngozi na kinga, na yakipikwa na mafuta kidogo au karanga mwili unayapokea vizuri zaidi. Macho ya mtoto hayasubiri vuli.

Sasa wako wanaotujibu: “Ziwa si hilo hapo? Wakachote ziwani.” Jamani. Neno hili linasemwa kwa wepesi sana, na tunaomba tulitazame vizuri kwa sababu hapa ndipo penye hatari yenyewe.

Ziwa letu lina kichocho. Konokono wanaokaa kwenye matete na maji yaliyotulia wanatoa vijidudu vinavyoingia mwilini kupitia ngozi, bila kuuma, bila alama. Vijidudu vya kichocho cha tumbo vinatoka kwa wingi zaidi jua linapokuwa kali, kuelekea mchana na saa za mchana wenyewe. Na mtoto akirudi shule anatumwa saa ngapi? Saa nane, anaingia maji ya magoti na ndoo, anacheza kwanza, anachota, anarudi tena mara nne. Tukifunga bomba kwa bustani tutakuwa tumewapeleka watoto hao majini kwa amri ya kijiji. Mbali na kichocho, wapo mamba, wenyewe mnajua, hatuna haja ya kuandika zaidi.

Kama kuna mtu hana budi kuchota ziwani, basi asitume mtoto, achote asubuhi mapema mahali pasipo na matete, asimame kwenye mtumbwi au jiwe. Maji hayo ayaweke kwenye pipa lenye kifuniko siku mbili kabla ya kuyashika. Vile vijidudu visipompata mtu havidumu zaidi ya siku mbili, alimradi hakuchota na konokono. Kifuniko ni lazima, la sivyo pipa linazaa mbu.

Na wale wanaosema “basi bustani zihamie ufukweni”? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wengi wetu tunaiona ni sheria ya kututesa. Lakini kumbukeni mwaka 2020. Ziwa lilipanda mwezi wa Mei likapita hata kile kipimo cha 1964 ambacho wazee walikuwa wanakisimulia kama hadithi, na likapanda tena hivyo hivyo mwaka 2024. Bustani za ufukweni zilikwenda wapi? Zilikwenda na maji, pamoja na samadi na dawa zilizopulizwa, kwenye maji yale yale tunayokunywa. Kabla ya ziwa kupanda, viboko walikuwa wameshakula nusu. Kiboko haogopi ua la mabua. Bustani ya nyumbani, nyuma ya jiko, hapo ndipo mahali pake: karibu na maji machafu ya jikoni, karibu na jicho la mwenye nyumba, mbali na kiboko.

Lakini sisi wenye bustani nasi tusijione tumeshinda kesi. Tukitaka watu wa foleni watuonee huruma, lazima tulime kama watu wenye akili ya kiangazi. Na hapa tuna mengi ya kusema.

Chukua pakiti ya mbegu ya dukani. Mara nyingi maelezo yake yametokana na nchi za baridi. Huko Ulaya kiangazi ni Juni na Julai, siku ni ndefu na jua limelala pembeni. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta. Juni na Julai kwetu ni kipupwe, usiku una ubaridi, asubuhi ina umande. Jua la utosi kwetu linakuja mwishoni mwa Septemba na mwanzo wa Oktoba, linakuja tena Machi. Kwa hiyo kabichi, karoti na saladi, kama unazipenda, zipande mwanzoni mwa kipupwe ili zikomae kabla ya Septemba. Ukizipanda Agosti umepanda huzuni. Saladi itapiga shina na kuwa chungu, kabichi haifungi.

Mboga za kiangazi chetu ni zile zile za nyanya zetu. Mchicha na mgagani zimeumbwa kwa jua. Jinsi zinavyotengeneza chakula kwenye majani yake ni kama mahindi na mtama, zinafanya kazi vizuri kwenye joto na hazipotezi maji ovyo. Mchicha unaanza kuchuma wiki ya tatu au ya nne. Matembele, ukishayashikiza mizizi, yanafunika udongo yenyewe na hayadai maji kila siku. Bamia inavumilia. Nyanya chungu inavumilia, na ukikata matawi yaliyozeeka inachipua tena. Tunashangaa watu wanaodharau mgagani kwa kuwa ni “mboga ya porini”, halafu wanalilia kabichi. Mgagani ukiupanda kati ya matuta ya nyanya una kazi nyingine: wataalamu wameona kwamba unamfukuza utitiri mwekundu, yule mdudu mdogo kama nukta anayesuka utando chini ya jani na kuligeuza rangi ya shaba. Utitiri huyo ndiye mdudu wa kiangazi kuliko wote. Anapenda vumbi na ukavu. Ukiona nukta nyeupe juu ya majani, geuza jani utazame, halafu yaoshe majani kwa maji upande wa chini, asubuhi. Dawa kali za dukani mara nyingi zinaua wadudu wanaomla na kumwacha yeye, anaongezeka.

Kuhusu nyanya, tuliweke neno hili sawasawa. Kuna mbegu za kwetu zilizotolewa Tengeru, Arusha, mwaka 1997, zinaitwa Tanya na Tengeru 97. Zimezoea nchi hii. Lakini hakuna mbegu inayovumilia kumwagiliwa kwa kubahatisha. Leo ndoo tatu, kisha siku nne hakuna, kisha mafuriko: nyanya itapasuka, au itaoza kitako, pale chini panakuwa peusi kama ngozi. Watu wanakimbilia kununua dawa. Si ugonjwa wa kuambukiza. Tunda limekosa chokaa kwa sababu maji hayakwenda sawasawa, na chokaa inapanda kwenye mmea pamoja na maji. Kidogo kila jioni ni bora kuliko kingi mara moja moja. Na majani usiyakate yote eti matunda yapate jua, yanaungua, upande mmoja unakuwa mweupe na laini.

Na kantangaze tunamjua sote tangu 2014 alipoingia nchini. Yule kiwavi anachimba njia ndani ya jani. Nyumba yenye miche kumi haihitaji kununua sumu kwa ajili yake. Pita kila asubuhi, chuma jani lenye njia, litie kwenye moto. Tunda lililotobolewa usilitupe jalalani, lifukie kwa kina au uchome. Miche ikiwa mia sita hilo haliwezekani, lakini tumekwisha kusema mwenye miche mia sita si tunayemtetea leo.

Sasa matuta yenyewe. Tumefundishwa kuinua tuta. Hiyo ni kazi ya masika, maji yapate kukimbia. Kiangazi ufanye kinyume: matuta mbonyeo, chimba kitako cha tuta kiwe chini ya njia kwa kina cha kiganja, ukingo uwe juu. Kila tone unalomwaga linabaki mle. Weka samadi iliyooza, ya zizi la mwaka jana, si ile ya jana. Samadi mbichi wakati wa jua inaunguza mizizi. Halafu funika: nyasi kavu, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, pumba za mpunga, majani ya migomba. Unene wa vidole vinne. Mchwa watakuja, ndiyo, basi matandazo yasiguse shina la mche.

Tukitaka kuona watu waliokwisha kufaulu katika kazi hii, hatuna haja ya kusafiri ng'ambo. Wakara wa kisiwa cha Ukara, ndani ya ziwa hili hili, upande wa Ukerewe, wamelima udongo wao mwembamba wa kichanga kwa vizazi vingi, watu wakiwa wamebanana kuliko sehemu nyingi za Tanzania. Wataalamu wa serikali ya kikoloni walikwenda kuwatazama miaka ya 1930 wakabaki kushangaa. Ng'ombe walifungwa ndani, wakaletewa majani, na samadi yake ikahesabiwa kama mali. Marejea ilipandwa kati ya uwele ili ije ifukiwe iwe mbolea. Sisi huku tuna ng'ombe wengi kuliko Wakara na tunaacha samadi ipeperushwe na upepo.

Gugu maji nalo ni mali kama ukilijua. Livue, lianike kwenye mchanga mkavu mbali na maji mpaka lilie kama karatasi, ndipo lilete uwe mfuniko wa tuta au mboji. Usilibebe bichi, usilioshee kwenye mfereji, usilichukue mahali ambapo maji ya machimbo yanashukia, maana mmea huu unanyonya madini mabaya na kuyatunza.

Na hapo tunalazimika kusema juu ya dhahabu. Mkoa wetu wa Geita unaishi kwa dhahabu, wapo vijana wetu wa Nkome wanaokwenda machimboni na kurudi. Wengine wanarudi na viroba vya marudio, ule udongo laini uliokwisha kuoshwa, kwa sababu unaonekana mzuri kuchanganya bustanini. Usiweke. Marudio yana zebaki. Vivyo hivyo mapipa na madumu yaliyobeba kemikali za kuchenjulia dhahabu: hata ukiosha kwa mchanga na sabuni mara saba, hayafai kuweka maji ya mboga, seuze ya kunywa. Bei yake ni rahisi kwa sababu mwenye akili hayanunui.

Maji ya sabuni ya kufulia yanafaa kwa mgomba, kwa mpapai na kwa maua. Kwa mboga za majani mwaga kwenye udongo tu, si juu ya majani, na ubadilishane na maji safi. Maji yenye dawa ya kung'arisha nguo usiyamwage bustanini kabisa. Maji ya kuoshea samaki ni mbolea nzuri, lakini yafukie kwenye kishimo pembeni mwa mche, vinginevyo paka wa kijiji kizima watafanya mkutano kwenye mchicha wako. Wakati wa kumwagilia ni jioni jua likiwa limeshuka, au alfajiri. Ukimwagilia saa saba mchana maji mengi yanaondoka kabla mizizi haijayaonja.

Kuna jambo la vyandarua. Tunaona vinatandazwa juu ya vitalu vya mchicha kuzuia kuku na jua. Chandarua kizima ni cha mtoto kulalia. Nyavu chakavu za dagaa zipo tele, zinafanya kazi hiyo hiyo, kivuli na ua la kuku. Ila zifunge ziwe zimekaza, mguu usiache mikunjo chini, kenge na nyoka wananasa na asubuhi unakutana nao.

Tumefika kwenye maua. Tunajua wengi mmekuwa mkingoja hapa ili mcheke. “Maji hakuna, na fulani anamwagilia maua! Maua yanaliwa?” Tuseme kwanza kwamba ua limetukosea kweli mara moja. Gugu maji lilipendwa kwa ua lake zuri la zambarau, watu wakalichukua kutoka Amerika ya Kusini wakalitembeza duniani kama pambo la vidimbwi, na mwishoni mwa miaka ya 1980 likawa limefika ziwani kwetu, likafunga ghuba na mitumbwi ikashindwa kutoka. Ilibidi waletwe vijidudu vya kulila kutoka huko huko kwao ndipo likapungua. Kwa hiyo mche mgeni wa mapambo, hasa unaopenda maji, uulize kwao kabla ya kuupanda.

Lakini bangibangi si pambo tu. Lile ua la njano na rangi ya machungwa lenye harufu kali, ukilipanda kwa msimu mzima pale unapotaka kuweka nyanya, mizizi yake inawapunguza wale minyoo wadogo wanaofanya mizizi ya nyanya ivimbe mafundo. Alizeti na zinia zinaita nyuki. Bila nyuki boga halifungi, kwa sababu boga lina ua dume na ua jike mbali mbali na upepo hauwezi kazi hiyo. Ukiona vitumba vya maboga vinageuka njano na kuanguka vikiwa vidogo, mara nyingi hukuwa na nyuki. Mshubiri unatoa maua wakati kila kitu kimekauka, hauombi maji, na ndege chozi anaujua.

Na ikiwa kuna mama amepanda mawaridi mawili mlangoni, anayapa maji aliyonawia uso, hayana kazi nyingine ila kumfurahisha, sisi tunasema mwacheni. Siku ya msiba mnakwenda kuyaomba kwake. Maji ya kunawia uso hayamdai mtu.

Turudi kwenye faini. Wilaya hii inayo historia ya kilimo cha amri. Wakoloni katika miaka ya 1940 na 1950 waliwaagiza Wasukuma na Wazinza namna ya kupiga matuta, namna ya kupunguza ng'ombe, na faini juu yake. Mengine yalikuwa ni mashauri mazuri, matuta yale yalizuia udongo kweli. Lakini yalikuja kwa faini, na mwaka 1958 watu wa Geita walisimama kwa maelfu wakiyakataa pamoja na lile baraza la mseto, mpaka Mwanza ikatikisika. Baada ya hapo hata shauri zuri lilitupwa pamoja na baya. Faini ya ndoo ya maji itafanya hivyo hivyo. Watu watamwagilia usiku kwa kuibia, watachota ziwani, na jirani atamchongea jirani.

Badala yake tunapendekeza hivi, na tunaomba lisomwe kwenye mkutano. Bomba liwe la maji ya kunywa na kupikia tangu linapofunguliwa mpaka saa kumi jioni. Baada ya hapo kila nyumba yenye bustani iruhusiwe madumu mawili, si zaidi, na foleni ya kunywa ikiwapo itangulie. Wazee wasio na wa kuwabebea watangulie katika madumu hayo. Anayelima kwa kuuza asihesabiwe humu. Na mbuzi wafungwe. Tunajua kiangazi ndiyo miezi ya kuachia mifugo ijitafutie, lakini mbuzi mmoja kwa robo saa anamaliza maji ya wiki sita, na hao hao wanaolalamikia maji ya bustani ndio wenye mbuzi. Hapa hatutaji mtu.

Nyumba zenye nafasi zipande ua la minyaa vuli ikianza. Mbuzi hali minyaa. Utomvu wake unaunguza macho, kwa hiyo asikate mtoto.

Mbegu za mgagani na za bangibangi zipo ghalani kwa mtunza ghala, zimefungwa kwenye karatasi, kijiko kimoja kwa nyumba. Anayechukua alete mbegu yoyote ya kwake kubadilishana, hata ya boga. Miche ya matembele ikatwe jioni, si mchana, na ipandwe usiku huo huo. Wenye nyavu chakavu za dagaa wanaotaka kuzitoa waziache nyuma ya ghala, zisitupwe ufukweni.